Downey Karudi, Iron Man Hajarudi: Kinachowachanganya Mashabiki wa Muvi za Mashujaa

Tangu Julai 2024, Robert Downey Jr., aliyekuwa Iron Man, alipovua kinyago jukwaani San Diego na kutangazwa kuwa ndiye Doctor Doom, kuna ubishi ambao haujapoa: Iron Man amefufuka au hajafufuka? Unausikia kwenye vibanda vya kurushia muvi pale Majengo, kwenye saluni za kiume Chang'ombe, na zaidi kwenye hosteli za Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), ambako hard disk moja yenye Marvel nzima huzunguka vyumba vyote kabla haijamrudia mwenyewe. Jibu ni fupi: hajafufuka. Tony Stark, yaani Iron Man, alikufa kwenye Avengers: Endgame mwaka 2019. Victor von Doom, yaani Doctor Doom, ni mtu mwingine kabisa, adui wa Fantastic Four kwenye vitabu vya katuni tangu 1962. Sura ni ile ile, mhusika siye.

Wala si mara ya kwanza. Chris Evans alikuwa Human Torch, mmoja wa Fantastic Four, mwaka 2005 na 2007 kabla hajawa Captain America. Michael B. Jordan naye aliucheza uhusika huo huo wa Human Torch mwaka 2015, na 2018 akawa Killmonger, adui wa Black Panther. Jason Momoa, aliyekuwa Aquaman mpaka juzi, kwenye Supergirl ya 2026 amepewa uhusika wa Lobo. Kanuni ya "steringi hafi" iliyotulea kwenye mabanda ya video haisaidii sana hapa.

Hata hivyo ubishi hauishi, na sababu yake ni kwamba watu watatu wanaweza kubishana saa nzima kila mmoja akiwa kwenye mada yake. Mmoja anaongelea nani anammiliki mhusika. Wa pili anaongelea hadithi hii ni ya ulimwengu gani. Wa tatu kaangalia kopi iliyokatwa, basi anaongelea muvi ambayo wenzake hawajaiona. Tuanze na umiliki, maana ndiko fundo kubwa liliko.

Shamba la mwenye deni

Kampuni ya Marvel ilifilisika Desemba 1996. Kabla na baada ya hapo, ili ipate fedha, ilikuwa ikiuza leseni za kutengeneza filamu za wahusika wake, mmoja mmoja au kwa mafungu. X-Men na Fantastic Four wakaangukia kwa studio ya Fox. Spider-Man akaenda Sony mwaka 1999. Hulk akaenda Universal. Blade alikuwa New Line, na Iron Man naye alipita huko kabla ya kurudi nyumbani mwaka 2005.

Hebu fikiria shamba la zabibu la Hombolo ambalo mwenyewe amelikodisha kwa sababu ya deni. Shamba bado ni lake kwa hati, ila mavuno ya mkataba ni ya aliyekodi. Na mkataba una sharti: usipolima kwa muda tuliopatana, shamba linarudi. Ukilielewa sharti hilo, mambo mengi ambayo mashabiki huyaita ujinga wa Hollywood yataonekana yana hesabu zake.

Kwenye mkataba wa Sony na Marvel ulioboreshwa mwaka 2011, sharti lilikuwa kwamba Sony ianze kurekodi filamu mpya ya Spider-Man ndani ya miaka 3 na miezi 9 tangu ile ya mwisho itoke, na iitoe ndani ya miaka 5 na miezi 9. Sasa angalia tarehe. Spider-Man ya tatu ya Tobey Maguire ilitoka Mei 2007. Ya nne ikakwama. Julai 2012 ikatoka The Amazing Spider-Man, na Andrew Garfield akaanza hadithi upya, anang'atwa na buibui upya, mjomba anakufa upya. Ni miaka 5 na miezi 2. Watu walilalamika kwamba hadithi ile ile imerudiwa mapema mno, na walikuwa na haki ya kulalamika, lakini Sony ikikawia, mhusika wake mkubwa kuliko wote anaondoka.

Mfano mchungu zaidi ni wa Fantastic Four. Kampuni ya Kijerumani ya Constantin ilikuwa na leseni inayokwisha tarehe 31 Desemba 1992. Ikamkabidhi kazi mtengenezaji filamu wa bei nafuu, Roger Corman, kamera zikaanza kuzunguka siku za mwisho kabisa za mwezi huo, kwa bajeti ya takriban dola milioni 1. Waigizaji walijituma, wakaenda hadi kuitangaza filamu kwa mashabiki. Haikuonyeshwa sinema hata siku moja. Ukiikuta leo kwenye flashi ya mtu, ujue ni kopi iliyovuja.

Mwaka 2005 Marvel ilichukua mkopo wa dola milioni 525 kupitia benki ya Merrill Lynch, ikaweka rehani haki za filamu za wahusika kumi ili ijitengenezee muvi zake yenyewe. Kama muvi zingebuma, benki ingechukua wahusika. Iron Man ya Mei 2008 ndiyo iliyowaokoa. Kwa hiyo yule anayeuliza kwa nini Marvel ilianza na Iron Man, ambaye wakati huo watu wengi nje ya wasomaji wa vitabu hawakumjua, badala ya Spider-Man au Wolverine, jibu ni kwamba wale wengine walikuwa kwenye mashamba yaliyokodishwa. Disney ikainunua Marvel mwaka 2009 kwa takriban dola bilioni 4.

Hapo ndipo yalipotokea mambo ya kuchekesha. Quicksilver, yule kijana mwenye mbio, kwenye vitabu aliingia mwaka 1964 kama adui wa X-Men, mwaka uliofuata akajiunga na Avengers. Nani anamiliki haki zake za filamu? Wote wawili. Fox ikamtumia mwaka 2014 akiwa na jina la Peter, Marvel ikamtumia 2015 akiwa Pietro, na Marvel haikuweza kutaja kwamba ni mutanti, yaani aliyezaliwa na nguvu zake, wala kwamba baba yake wa kwenye vitabu ni Magneto. Ikabidi waseme nguvu zake na za pacha wake Wanda zimetokana na majaribio. Kama uliziona zote mbili ukadhani mmoja kamwigiza mwenzake, sasa unajua.

Mfano unaowahusu zaidi watu wa huku ni Storm. Alibuniwa mwaka 1975: mama yake Mkenya wa ukoo wa kifalme, naye mwenyewe anaita mvua na radi, wanakijiji wanamheshimu kwa hilo. Ugogoni, ambako mvua huanza Desemba hivi na Aprili imekwisha, na ambako watemi wa zamani walipimwa kwa uwezo wao wa kuileta, mhusika huyu hahitaji maelezo marefu. Kwenye vitabu, Storm aliolewa na Black Panther mwaka 2006. Lakini filamu ya Black Panther ilipotoka 2018 hakukuwa na Storm, hakukuwa hata na mtu wa kumtaja jina, kwa kuwa T'Challa, yaani Black Panther, alikuwa Marvel na mkewe wa vitabuni alikuwa bado Fox. Disney ilikamilisha kuinunua sehemu kubwa ya Fox Machi 2019, kwa dola bilioni 71 na ushee. Tangu hapo kizuizi hicho hakipo. Mtu akikuambia leo kwamba X-Men hawawezi kukutana na Avengers "kwa sababu ya haki", habari zake ni za zamani.

Spider-Man ndiye bado yuko nje. Mwaka 2015 Sony na Disney walikubaliana Spider-Man, akiigizwa na Tom Holland, awemo kwenye muvi za Marvel, Sony ikibaki na mapato ya filamu zake mwenyewe. Agosti 2019 makubaliano yakavunjika, mashabiki wakapiga kelele, Septemba mwaka huo huo yakafungwa tena, na iliripotiwa kwamba Disney ingechangia takriban robo ya gharama na kupata robo ya faida. Bidhaa ni hesabu nyingine: mwaka 2011 Disney ilinunua sehemu ya Sony kwenye biashara ya vitu vinavyobeba sura ya Spider-Man. Kwa hiyo begi halali la shule lenye picha yake, popote linapouzwa, linailipa Disney, hata kama mwanafunzi alimpenda Spider-Man kwa kuangalia muvi ya Sony. (Mengi ya yale mabegi ya bei chee sokoni hayamlipi yeyote kati yao, ila hiyo ni mada ya siku nyingine.)

Hulk ana mkosi wake. Universal ilibaki na haki ya kusambaza filamu ambayo Hulk ndiye steringi peke yake. Ndiyo maana baada ya ile ya 2008 unamkuta kwenye muvi za wenzake, kwa Thor, kwa Avengers, kwenye tamthilia ya She-Hulk, lakini ya kwake peke yake hakuna. Si kwamba Marvel imemdharau.

Ukitaka kujua muvi ni ya nani, usiulize jina la shujaa. Angalia sekunde za mwanzo. Ukiona mwanamke mwenye mwenge, yaani nembo ya Columbia, kisha nembo ya Marvel isiyo na neno Studios, na maandishi yanayosema imetengenezwa kwa ushirikiano na Marvel, hiyo ni ya Sony peke yake: Venom zote tatu, Morbius ya 2022, Madame Web na Kraven za 2024. Hizo hazimo kwenye mlolongo wa Avengers, ukiacha vipande vichache, kama kile ambacho Venom aliingizwa upande wa pili mwishoni mwa muvi yake ya 2021, akarudishwa kwao mwishoni mwa Spider-Man: No Way Home, akaacha tone la ule mwili wake mweusi. Ukiona mwenge na baada yake nembo ya Marvel Studios, ni ya ushirikiano: Homecoming, Far From Home, No Way Home. Nembo ya Marvel Studios bila mwenge, ni ya Disney.

Lawama nyingi zinazotupwa kwa Marvel kuhusu Morbius na Madame Web zimekosea anwani. Na ni kweli zilikuwa mbovu.

Jina moja, watu wawili

Hili fupi. Mwaka 2019 zilitoka Captain Marvel na Shazam! zikipishana mwezi mmoja. Mhusika wa Shazam ndiye aliyeitwa Captain Marvel tangu 1940, kwa kampuni ya Fawcett. DC, kampuni yenye Superman na Batman, ilimshitaki kwamba ni Superman aliyebadilishwa nguo, kesi ikavutwa miaka mingi, Fawcett ikaachana naye 1953. Jina likawa halina mtu. Marvel ikalidaka mwaka 1967. DC ilipomchukua yule wa zamani miaka ya 1970 ikakuta jina lake limeshakuwa na mwenyewe, haliwezi kuandikwa kwenye jalada. Ndipo kitabu kikaitwa kwa neno analolitamka akitaka kugeuka.

DC: mhusika mmoja, walimwengu kadhaa

DC haina shida ya mashamba yaliyokodishwa. Imekuwa chini ya mwavuli mmoja na Warner Bros. tangu mwishoni mwa miaka ya 1960. Shida yake ni uongozi kubadilika katikati ya hadithi, na hapo ndipo shabiki wa kawaida anapotea.

Ulimwengu wa kwanza ulianza na Man of Steel ya 2013, Henry Cavill akiwa Superman, ukaisha na Aquaman ya pili Desemba 2023. Oktoba 2022 Cavill alionekana mwishoni mwa Black Adam, akatangaza kwamba amerudi. Tarehe 1 Novemba mwaka huo James Gunn na Peter Safran wakashika usukani wa DC Studios. Desemba ikatangazwa kwamba Cavill hayumo kwenye mipango. Ule ugomvi wa mashabiki unaoendelea mpaka leo umezaliwa ndani ya wiki hizo chache, na kwa kweli waliompenda Cavill walionyeshwa chakula wakanyang'anywa sahani.

Ulimwengu mpya ulifunguliwa na katuni ya Creature Commandos Desemba 2024, ukaja Superman wa David Corenswet tarehe 11 Julai 2025. Huyu hana uhusiano na Cavill. Hakupigana na Zod wa 2013, hakuuawa na yule adui aitwaye Doomsday wa 2016.

Joker ya 2019 na The Batman ya 2022 haziko kwenye ulimwengu wowote kati ya hiyo miwili. Kila moja inasimama yenyewe. Batman wa Robert Pattinson hatakutana na Superman wa Corenswet kwa mpango uliotangazwa, na anayesema amesikia watakutana aulizwe kasikia wapi.

Kinachovuruga hesabu ni tamthilia ya Peacemaker. John Cena alianza kwenye ulimwengu wa zamani, Gunn akamhamishia mpya. Kwenye fainali ya msimu wa kwanza, mwaka 2022, Justice League ya zamani, lile kundi la mashujaa wa DC, ilijitokeza. Msimu wa pili ulipoanza Agosti 2025, kile kipande cha kukumbushia yaliyopita kilirekodiwa upya, Justice League ikaondolewa na mahali pake wakawekwa mashujaa wa muvi mpya ya Superman. Ukiwa na msimu wa kwanza na wa pili kwenye flashi moja, linganisha tukio hilo. Hakuna kopi iliyoharibika hapo, wamebadilisha makusudi.

Wasomaji wa vitabu hawashangai, maana huko ndiko mtindo ulikoanzia. Mwaka 1961 DC ilitoa hadithi ya Flash wawili wanaokutana, mmoja wa dunia hii, mwingine wa dunia ya pili, ili kueleza kwa nini Flash wa miaka ya 1940 alikuwa mtu tofauti. Dunia zikaongezeka mpaka waandishi wenyewe wakapotea, na 1985 ikaandikwa hadithi ya matoleo 12 ya kuziua zote ibaki moja. Haikudumu. Mwaka 2011 wakaanza upya tena, matoleo 52 kwa mwezi, namba zikirudi kwenye moja.

Kwa hiyo swali pendwa la vijiweni, "nani ana nguvu, Superman au Hulk?", halina jibu mpaka useme yupi na wa lini. Superman wa 1938 alikuwa haruki angani. Alikuwa anachupa, umbali wa mita 200 hivi. Kuruka kwenyewe kulikolea na katuni za sinema za 1941. Hulk wa toleo la kwanza, 1962, alikuwa wa kijivu. Wachapaji walishindwa kuitoa rangi hiyo ikiwa sawasawa kila ukurasa, toleo la pili akawa kijani. Thanos wa kitabu cha 1991 aliua nusu ya viumbe kwa kuwa alikuwa anampenda Mauti, ambaye kule ni mwanamke. Yule wa filamu ya 2018 ana hoja za uhaba wa chakula. Mashabiki wawili wanaweza kuwa sahihi wote, mmoja na kitabu chake, mwenzake na muvi yake. Waliokua na jarida la Sani wanalijua hili bila kufundishwa: Ndumilakuwili na Lodi Lofa walichorwa na mikono tofauti kwa miaka, na kila mkono uliwabadilisha kidogo.

Uliangalia kopi gani?

Hili halizungumzwi sana, na kwa maoni yetu ndilo linalozaa nusu ya maoni makali yanayosikika mitaani.

Anza na dakika. Fungua taarifa za faili uone muda wake. Endgame ni dakika 181. Infinity War 149. The Batman 176. Justice League ya 2017 ni 120, na ile ya Zack Snyder ya 2021 ni 242. Hizo ni muvi mbili tofauti zenye jina linalofanana, tena anayeiponda moja mara nyingi anabishana na anayeisifia nyingine. Batman v Superman ya sinema ni 151, toleo refu ni 182 hivi, na dakika hizo 30 zilizoongezwa ndizo zinazoeleza kwa nini Superman alisingiziwa mauaji kule jangwani. Ukikuta pungufu ya asilimia 4, mfano Endgame yenye dakika 174, usiseme imekatwa: hiyo imebadilishwa kutoka picha 24 kwa sekunde kwenda 25, mtindo wa televisheni za Ulaya. Inakwenda kasi kidogo tu. Pungufu zaidi ya hapo, kuna kitu kimeondolewa.

Mara nyingi kinachoondolewa ni mwisho. Kwenye mabanda ya video mwendeshaji akiona majina yanapanda anazima, aweke inayofuata, na muvi zilizotafsiriwa kwa sauti ya DJ mara nyingi nazo hukatwa hapo hapo. Marvel huweka kipande cha kwanza baada ya majina makubwa ya rangi, dakika 2 au 3 tangu muvi iishe, na cha pili mwishoni kabisa, dakika 8 hadi 10. Anayekosa vipande hivyo anaiona muvi inayofuata imeanza katikati. Mfano wa karibuni ni Thunderbolts* ya 2025: kipande chake cha mwisho ndicho kinachoonyesha chombo chenye namba 4 kikiingia kutoka kwingine. Ukikikosa, utauliza Fantastic Four wametokea wapi. Endgame, kwa upande wake, haina kipande. Ina mlio wa nyundo tu. Usimgombeze muuza muvi kwa hilo.

Kuhusu tafsiri zenyewe, sanaa hiyo ina heshima yake tangu enzi za Lufufu, na kuna watu walioipenda Marvel kwa sababu ya DJ na si kwa sababu ya Marvel. Lakini DJ anaongea juu ya mazungumzo, anawapa watu undugu wasiokuwa nao, na akiona sehemu ya maelezo ni ndefu anaijaza utani. Muvi ya kupigana haidhuriki sana. Tamthilia kama Loki, ambayo hadithi nzima iko kwenye maneno, inabaki mifupa.

Halafu kuna "picha ina giza". Kopi ya kamera, iliyorekodiwa ndani ya ukumbi, hupoteza mwanga, na The Batman ni muvi ya usiku kuanzia mwanzo. Faili iliyobanwa hadi MB 300 nayo huharibu hapo hapo kwenye weusi na kwenye mwendo wa kasi, kwa kuwa ndiko mashine ya kubana inakotupa taarifa nyingi. Utaona vijimraba vinacheza ukutani. Kwa muvi ya saa mbili, chini ya GB 1 usitegemee kuhukumu picha. Kinyume chake, ukipata faili kubwa ya 4K na rangi zimepauka kama zimemwagiwa majivu, hiyo imetengenezwa kwa TV za HDR, zenye mwanga na rangi pana zaidi, na yako siyo. Tafuta ya 1080p ya kawaida, itaonekana vizuri kuliko hiyo ya GB 15.

Sauti ya watu kuwa ndogo na milipuko kuwa mikubwa nako kuna sababu. Faili ina sauti ya spika sita, mazungumzo yakiwa yamewekwa kwenye spika ya katikati ambayo TV yako haina. Kwenye programu ya VLC nenda sehemu ya sauti, chagua stirio. Na maandishi ya tafsiri yakitangulia au yakichelewa, bonyeza G au H kwenye kibodi, kila mbonyezo husogeza milisekunde 50. Kama mwanzoni yako sawa ila yanazidi kuachana kadiri muvi inavyoendelea, usihangaike na vitufe hivyo: maandishi ni ya kopi ya picha 25, muvi ni ya 24. Tafuta mengine.

Zinazokuja, na uvumi wake

Kwa ratiba iliyotangazwa, 2026 ina Supergirl tarehe 26 Juni, Spider-Man: Brand New Day tarehe 31 Julai, na Avengers: Doomsday tarehe 18 Desemba. Doomsday ilikuwa itoke Mei mwaka huo, ikasogezwa. Avengers: Secret Wars imewekwa 17 Desemba 2027. Tarehe hizi husogea, hasa zile za mbali, kwa hiyo anayekuuliza mwambie na mwaka uliotangazwa.

Ukitaka kuijia Doomsday ukiwa na msingi bila kumaliza bando kwenye muvi thelathini na kitu, chukua Infinity War na Endgame, misimu miwili ya Loki yenye vipindi 6 kila mmoja, Deadpool & Wolverine ya 2024, Thunderbolts*, na Fantastic Four: First Steps ya Julai 2025. Hiyo ya mwisho inatokea kwenye dunia nyingine inayoitwa 828, namba iliyochukuliwa kwenye siku ya kuzaliwa ya mchoraji Jack Kirby, tarehe 28 Agosti. Kwenye kipande chake baada ya majina kuna mtu mwenye joho la kijani amepiga magoti mbele ya mtoto. Uso hauonyeshwi. Orodha ya waigizaji wa Doomsday ilitangazwa Machi 2025 kwa kuonyesha migongo ya viti, kiti kimoja kimoja, zaidi ya saa 5, na humo walikuwemo Patrick Stewart na Ian McKellen wa X-Men za Fox. Hayo yametangazwa. Mengine mengi unayoyasikia ni tetesi.

Trela haziaminiki kikamilifu hata zikiwa halali. Ya Infinity War ilionyesha Hulk akikimbia na wenzake Wakanda. Kwenye muvi tukio hilo halipo. Ya No Way Home iliwafuta Spider-Man wawili wa zamani, Maguire na Garfield, na kwenye toleo la Brazil watu wakaona mjusi anapigwa teke na hewa. Mwaka 2021 Evan Peters, Quicksilver wa Fox, alipotokea kwenye tamthilia ya WandaVision, nusu ya mashabiki waliapa X-Men wameingia. Ikawa ni mtu wa kawaida aliyerogwa.

Za kughushi sasa zimejaa zaidi kuliko halali. Kabla hujaituma kwenye grupu, tazama kama kuna nembo ya studio na tarehe mwishoni, kama imetoka kwenye akaunti ya studio yenyewe, na kama sura ya mtu inabadilika kidogo kila kamera inapohama. Simamisha kwenye vidole na kwenye maandishi ya nyuma, mabango ya barabarani na namba za magari. Kompyuta inayochora huchemka hapo. Na ukimwona Cavill amevaa joho jekundu akiwa karibu na Corenswet, hiyo huna haja hata ya kuisimamisha.